Wimbo Mkononi mwa Rafiki: Kupashana Nyimbo na Kwenda Muzikini katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Katika vitongoji vya Dar es Salaam vilivyo mbali na bandari, upande wa Kinondoni na upande wa Temeke, si desturi ya mtu kuupenda wimbo peke yake. Apendaye wimbo humtafuta mwenziwe wa kumsikilizisha. Na aliyesikilizishwa, wimbo ukimwingia moyoni, huuliza: Waimbaji hawa hupiga wapi? Swali hilo ndilo liwatoalo watu nyumbani jioni na kuwapeleka ukumbini, uani, au kwenye barabara iliyozibwa kwa turubai. Makala haya yaeleza jinsi desturi hiyo ilivyokua tangu siku za vyama vya beni mpaka siku hizi za singeli. Yaonyesha pia jambo ambalo mara nyingi husahauliwa: kwamba nyimbo nyingi za mji huu zilienea na kuhifadhika kwa mikono ya marafiki zaidi kuliko kwa nguvu ya makampuni, lakini mikono hiyo hiyo haikumlisha mtunzi ila pale ilipofika mlangoni na kutoa kiingilio.

Majina ya mahali yahitaji maelezo kwanza. Mji wa Dar es Salaam, ambao hesabu ya watu ya mwaka 2022 iliukuta una watu zaidi ya milioni 5, uligawanyika kwa muda mrefu katika wilaya tatu: Ilala katikati, Kinondoni kaskazini na Temeke kusini. Katika mageuzi ya miaka ya 2015 na 2016 Ubungo ilitengwa na Kinondoni, na Kigamboni ikatengwa na Temeke. Kwa hiyo Manzese, Sinza na Mburahati, ambazo katika habari za zamani zahesabiwa kuwa za Kinondoni, leo zimo katika Ubungo. Magomeni, Mwananyamala, Tandale na Mikocheni zimebaki Kinondoni. Keko, Chang'ombe, Mtoni na Mbagala zimo Temeke.

Nyumba iliyoenea sana katika mitaa ya zamani ya pande hizi ni ile yenye ujia katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele na ua nyuma. Kila chumba huweza kuwa na mpangaji wake, naye pengine ametoka Rufiji, Tabora au Kigoma. Katika nyumba ya namna hii wimbo hauna siri. Upigwao katika chumba cha mbele husikika mpaka jikoni uani, na jirani asiyeutaka huujua kwa moyo sawa na autakaye. Hivyo, kabla mtu hajakusudia kumshirikisha mwenziwe wimbo, ukuta umekwisha kumshirikisha.

VYAMA VYA NGOMA NA VYAMA VYA DANSI

Kabla ya gramafoni kuingia katika nyumba za watu wa kawaida, wimbo ulikuwa mali ya chama. Beni, ngoma iliyoanza katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za askari, ilienea mpaka Dar es Salaam, na vyama vya Marini na Arinoti vikashindana humo kwa mavazi, kwa vyeo na kwa nyimbo. Mwanachama hakwenda ngomani kutazama tu kama mgeni. Alikwenda pamoja na wenziwe kuusimamia upande wake, na wimbo wa kuwashinda wapinzani ulijulikana kwanza miongoni mwa rafiki kabla haujatolewa mbele ya watu.

Vilipokuja vyama vya dansi tabia hiyo haikufa. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na kwa miaka mingi bendi za namna hiyo zilikuwa vyama vya vijana kwanza, na kazi ya kujipatia riziki baadaye. Western Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1959, ilionyesha kwa jina lake upande wa nchi walikotoka waanzilishi wake. Mgeni aliyefika mjini bila ya ndugu aliweza kupata kwenye bendi kama hiyo watu wa kwao, na nyimbo zikawa njia ya kujuana.

Mwaka 1964 likatokea jambo jipya. Chama cha wafanyakazi cha NUTA kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, ambayo wanamuziki wake walilipwa mshahara. Bendi hiyo ilibadili jina kila chama chenyewe kilipobadilika, ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye ikajulikana kuwa Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikaundwa Mlimani Park Orchestra, ambayo ilichukua baadhi ya waimbaji na wapigaji hodari wa siku hizo. Kila bendi ilijichagulia mtindo na jina la mtindo. Wa kwanza wakajiita Msondo, jina la ngoma ya wari. Wa pili wakajiita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Yafaa kuona kuwa bendi zenye magitaa ya umeme, tarumbeta na saksafoni zilikwenda kuazima majina yao kwenye ngoma za asili. Watu wa vitongoji waliyatambua majina hayo mara moja, wakagawanyika kama walivyogawanyika babu zao katika Marini na Arinoti.

REDIO, SALAMU NA KANDA

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1965 utangazaji ukawa mikononi mwa serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, na mpaka mwaka 1994, ilipoanza Radio One, watu wa Tanzania Bara hawakuwa na kituo kingine cha nyumbani. Redio hiyo ndiyo iliyorekodi bendi za nchi katika chumba chake cha kurekodia, na ndiyo iliyozirusha nyimbo mpaka vijijini.

Lakini hata redio iliendeshwa kwa nguvu ya urafiki. Katika vipindi vya salamu msikilizaji alijaza kadi, akaandika majina ya watu aliotaka wasalimiwe, na wimbo aliotaka wapigiwe. Mtu wa Temeke aliweza hivyo kumfikia nduguye wa Songea kwa sauti ya Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji wa Morogoro aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979. Wimbo ulichukua kazi ya barua. Aliyetajwa redioni hakusifiwa kwa kutajwa tu. Alisifiwa pia kwa wimbo aliochaguliwa, kwa maana uchaguzi ule ulionyesha jinsi rafiki yake anavyomfahamu.

Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri kilichofanya kazi. Wanamuziki waliotaka kutoa santuri walitegemea Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikawa nyembamba. Pengo hilo likajazwa na kanda. Kijana mwenye redio ya kaseti alikaa karibu na chombo chake, kidole juu ya kitufe, akingoja mtangazaji anyamaze. Kisha kanda yake ikaazimwa na jirani, ikanakiliwa, na nakala ikazaa nakala. Kila iliponakiliwa sauti ilififia kidogo, walakini wimbo ulizidi kutembea. Palikuwa pia na maduka yaliyonakili nyimbo kwa malipo, mteja akichagua moja moja mpaka kanda ijae. Kanda kama hiyo ilikuwa zawadi ya heshima kwa rafiki anayesafiri.

Kisa cha Remmy Ongala chaonyesha umbali ambao kanda moja iliweza kwenda. Ongala alizaliwa Kongo mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Rafiki aliyerudi Ulaya alichukua kanda yake, nayo ikafika kwa waandaaji wa tamasha la WOMAD nchini Uingereza; kwa sababu hiyo bendi ilialikwa, na mwaka 1988 watu wa Ulaya wakamwona kwa macho. Wimbo wake mwingine, Mambo kwa Soksi, ulisema waziwazi juu ya kinga ya ukimwi. Redio ya taifa haikuupiga. Hata hivyo ulijulikana mjini, kwa kuwa watu waliusikia ukumbini na kupashana kanda. Ongala alifariki mwaka 2010, na kituo cha mabasi karibu na alipokaa chaitwa mpaka leo Sinza kwa Remmy.

USIKU WA DANSI

Kanda humfanya mtu aujue wimbo. Ukumbi humfanya amjue mwimbaji. Bendi za Dar es Salaam hazikukaa mahali pamoja. Kwa juma moja zilizunguka katika kumbi mbalimbali, na wapenzi wake walizijua zamu zao kama watu wajuavyo siku za gulio. Magomeni palikuwa na ukumbi wa DDC, Temeke palikuwa na viwanja vya TCC Chang'ombe, na Kinondoni palijulikana Mango Garden, ambapo African Stars, bendi ya mtindo wa Twanga Pepeta, ilijipatia wapenzi wengi.

Kwenda dansini peke yako ni jambo la unyonge. Desturi ni kundi la watu watatu, wanne au zaidi kuchangishana nauli, kiingilio na vinywaji. Asiye na kitu mwezi huu husaidiwa, na mwezi ujao huwasaidia wengine. Aliyemwalika rafiki yake kwa mara ya kwanza huwa kama mdhamini wa bendi. Ikipiga vizuri, sifa ni zake; ikipiga vibaya, hutaniwa njia nzima ya kurudi. Kwa hiyo mwenyeji humwandaa mgeni wake. Humwambia ni wimbo gani aungoje, ni mpigaji gani wa gitaa amtazame vidole, na wakati gani aache kuzungumza.

Maandalizi hayo yana maana, kwa sababu wimbo wa dansi una sehemu mbili, na kila sehemu ina adabu yake. Kwanza huimbwa beti, polepole, magitaa yakijibizana chini ya sauti za waimbaji. Humo ndimo mnamo kisa: mke aliyeachwa, ndugu waliogombania urithi, mfanyakazi aliyesahau kwao. Wakati huo wengi husikiliza, au hucheza kwa utulivu wawili wawili. Kisha huja chemko: mwendo huongezeka, magitaa na tarumbeta hutangulia mbele, na uwanja hujaa. Asikilizaye redio huweza kukatiwa chemko kwa kukosa muda. Aliye ukumbini hukuta imerefushwa kwa kadiri watu wanavyocheza, na pengine mwimbaji huingiza humo majina ya watu awaonao mbele yake.

Tena, ukumbi ndio uliokuwa mahali pa kujaribia nyimbo mpya. Bendi ilitoa wimbo mbele ya watu, ikatazama nani asimama na nani akaa, ikarekebisha, na baadaye ndipo ikaenda kuurekodi. Kwa hiyo wale marafiki waliokuja Jumamosi hawakuwa wanunuzi wa kitu kilichokwisha kutengenezwa. Walikuwa miongoni mwa watengenezaji wake. Waliporudi kazini Jumatatu wakiuimba wimbo ambao redio haijaupata, walikuwa na fahari ya mtu aliyeuona mwezi kabla ya wenziwe.

Utani wa Msondo na Sikinde ulizidisha mvuto huo. Bendi hizo mbili zilipokutana jukwaani katika mpambano, kila upande ulileta watu wake. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo, aliyekuwa NUTA tangu miaka ya 1960, alihamia Mlimani Park, na baada ya safari nyingine akarudi Msondo. Alifariki mwaka 2014. Uhamisho wa mtu kama huyo ulikuwa habari ya mtaa mzima, na marafiki waliokuwa wa upande mmoja waliweza kuachana njia panda: mmoja akimfuata mwimbaji, mwingine akibaki na bendi.

TAARABU NA MAANA YA TUZO

Katika taarabu kushirikishana wimbo kuna makali zaidi. Taarabu ina asili yake kubwa Unguja, lakini Dar es Salaam ilikuwa na vyama vyake tangu zamani, na katika miaka ya 1990 ushindani wa Tanzania One Theatre na Muungano ulijaza kumbi kwa nyimbo za mipasho. Baadaye Jahazi Modern Taarab, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilivuta watu Magomeni katika ukumbi wa Travertine.

Msikilizaji wa taarabu hakai kimya. Ubeti ukifika uliosema lililo moyoni mwake, mwanamke husimama, huenda kwa madaha mpaka mbele, na humtuza mwimbaji kwa noti. Kwa tendo hilo huufanya ubeti ule kuwa neno lake mwenyewe. Pengine humlenga mtu aliyekaa meza ya pili, naye aliyelengwa huelewa, na rafiki za pande zote mbili huelewa. Mtunzi ametoa fumbo. Mwenye tuzo amelifumbua kwa hatua zake. Ndiyo maana rafiki hupeana kanda za taarabu kwa uangalifu. Kumpa mtu wimbo ni kumpa ujumbe, na mpokeaji huuliza kwanza kama ujumbe huo ni wa kumfariji au wa kumchoma.

Hapa pana jambo la kushikwa kwa ajili ya maelezo yajayo. Katika taarabu mapenzi ya msikilizaji hugeuka fedha mkononi mwa mwimbaji papo hapo, mbele ya mashahidi, bila ya duka wala kampuni kati yao.

MCHIRIKU NA SINGELI

Si vijana wote walioweza kulipa kiingilio cha ukumbi, wala si wote waliona mambo yao katika nyimbo za bendi kubwa. Katika mitaa ya wanyonge ulizaliwa mchiriku, uitwao pia mnanda, uliotoka katika ngoma za Wazaramo na majirani zao. Chiriku ni ndege mdogo mwenye kelele nyingi, na msikilizaji aweza kuona mfano wake. Vijana waliichukua ngoma, wakaiongeza kinanda kidogo cha umeme cha Casio, ambacho kwingineko ni kichezeo cha watoto, wakaunganisha na vipaza sauti walivyoviunda kwa mikono yao. Sauti iliyotoka ilikuwa kali na yenye mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ikapendwa. Jagwa Music, kundi lililoanza mapema katika miaka ya 1990, liliimba habari za mapenzi, ulevi na shida za mji. Mwaka 2012 nyimbo zake zikatolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji, baada ya miaka mingi ya kutembea kwa kanda katika mitaa yake.

Katika miaka ya kati ya 2000 ikatokea singeli, katika mitaa kama Manzese, Tandale na ile ya Temeke. Mpangaji wa muziki hukata kipande cha taarabu au cha mchiriku kwa kompyuta, hukirudia na kukiongeza mwendo mpaka mapigo 200 au hata 300 kwa dakika. Kwa kulinganisha, moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 mpaka 100. Juu ya mbio hizo mghani hutupa maneno, mengine ya kuwasifu waliopo, mengine ya kuchekesha, mengine ya maisha magumu. Msaga Sumu ni miongoni mwa waliojulikana sana kwa kazi hiyo.

Singeli haikungoja ukumbi. Mahali pake palikuwa harusi, sherehe za unyago na mikesha iitwayo vigodoro. Jina hilo huelezwa kuwa latokana na godoro dogo, kwa kuwa waalikwa hukaa kwa mwenye shughuli mpaka asubuhi. Turubai hufungwa, spika hupangwa barabarani, na apitaye huingia bila ya kuulizwa jina. Mwenye shughuli hulipa muziki, waliokuja hutuza.

Kuhusu kuenea kwake, kanda ilirithiwa na simu. Kwanza nyimbo zilijazwa katika kadi ndogo za simu kwenye vibanda vya mitaani kwa malipo madogo. Kisha zikarushwa kutoka simu hadi simu. Siku hizi hupitia WhatsApp na mitandao mingine. Neno kurusha lenyewe limepata maana mpya: rafiki humwambia mwenziwe, Nirushie wimbo ule, wala hapana kitu kinachopaa hewani ambacho jicho laweza kukiona. Dereva wa bajaji au wa pikipiki huupokea Mbagala asubuhi, na kabla ya jua kutua umesikika Tegeta. Redio zilifuata nyuma. Kituo cha EFM, kilichoanza mwaka 2014, kiliipa singeli nafasi kubwa. Na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa nyimbo kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, ukawafikia wasikilizaji wa Ulaya. Katika yote hayo utaratibu ni ule ule wa zamani: mtaa kwanza, redio baadaye, ng'ambo mwisho.

Wako wazee waonao kwamba muziki huo ni kelele, nao husema ngoma ivumayo haidumu. Hoja yao ina haki kwa upande wa usingizi wa majirani, kwa maana si kila alalaye karibu na turubai amealikwa. Lakini kwa upande wa kudumu, singeli imekwisha kupita miaka 15, na methali bado inangoja. Tena yafaa kukumbuka kwamba beni nayo ililaumiwa na wakubwa wa zama zake.

Pamoja na turubai hizo, pako mahali pengine pa wanamuziki wasiofungwa na kampuni. Nafasi Art Space, iliyoanzishwa mwaka 2008 na kuweka makao yake Mikocheni, imekuwa uwanja wa wasanii kuonyesha kazi zao wenyewe. Unguja, tamasha la Sauti za Busara, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, limewapandisha jukwaani wapigaji wengi wa Dar es Salaam, na marafiki wa vitongojini wamevuka bahari kwa boti kwenda kuwaona.

NANI AMLISHAYE MTUNZI

Sasa yafaa kulipima jambo lenyewe. Mwanamuziki wa bendi ya chama au ya shirika alipata mshahara, na mara nyingi vyombo alivyopiga havikuwa vyake. Wimbo wake ukipendwa, bendi ilijaza ukumbi. Lakini nakala ya kanda ilipouzwa dukani, aliyenakili alipata senti zake na mtunzi hakupata kitu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilimtambua mtunzi na haki yake, na chombo cha kuisimamia, COSOTA, kikaanzishwa. Hata hivyo sheria huona taabu kuingia katika chumba ambamo marafiki wawili wamekaa na simu mbili.

Ugumu wa shauri hili watokana kwa sehemu na lugha. Katika mazungumzo ya kila siku neno kupeana nyimbo hukusanya matendo matatu yaliyo mbali. La kwanza ni kusikilizisha, yaani kumfanya mwenzio asikie. La pili ni kunakili, yaani kumwachia mwenzio wimbo akae nao. La tatu ni kuuza nakala. Kusikilizisha hakumpunguzii mtunzi kitu, humwongezea watu. Kuuza nakala bila ruhusa ni kuvuna shamba la mtu mwingine. Kunakili kwa ajili ya rafiki kumo katikati, na hapo ndipo penye mashaka ya kweli.

Kwa upande mmoja, laiti asingekuwapo mtu wa kuchukua kanda ya Ongala, waandaaji wa Uingereza wasingelimsikia. Laiti watu wasingelinakili, nyimbo ambazo redio haikuzipenda zingelikufa na siku zake, na zile ambazo redio ilizirekodi zingelijulikana na mtunza ghala peke yake. Familia nyingi zilihifadhi katika masanduku yao ya kanda sauti ambazo hapana duka lililoziuza. Kwa upande wa pili, mpiga gitaa hawezi kumlipa mwenye nyumba kwa sifa. Wako waliopendwa nchi nzima kwa miongo ya miaka, wakaishia uzeeni katika chumba cha kupanga, huku nyimbo zao zikipigwa katika kila daladala.

Desturi za vitongoji zenyewe zina njia za kuyasawazisha mambo hayo. Njia ya kwanza ni jina. Nakala nyingi hupita mkono hadi mkono zikiwa na jina la bendi tu, au bila jina lolote, na baada ya miaka michache watu husema wimbo wa Msondo au wimbo wa Sikinde pasipo kumjua aliyeutunga. Anayempa mwenziwe wimbo pamoja na jina la mtunzi amelinda nusu ya haki yake, kwa kuwa asiyejulikana hawezi kulipwa wala kudai. Njia ya pili ni tuzo, ambayo taarabu imeihifadhi na singeli imeirithi. Njia ya tatu ni mlango. Marafiki wanne waliopewa wimbo bure na mmoja wao, kisha wakatoa kiingilio wote watano, wamemrudishia mwanamuziki zaidi ya alichokosa.

Kwa hiyo asemaye kwamba kupashana nyimbo kumeua muziki hakutazama mlangoni, na asemaye kwamba mapenzi yatosha hakumtazama mpigaji anapopakia vyombo saa tisa za usiku akitafuta nauli. Nyimbo za Kinondoni na Temeke ziliishi kwa sababu mtu alimwambia mwenziwe, Sikiliza hii. Ziliendelea kuimbwa pale tu wawili hao walipoondoka barazani wakaenda. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Nao hawakusema kuwa hupigiwa makofi tu.